"Sasa hivi" ya nani?

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Wiki hii nimekaa na neno moja la Kiingereza, "soon". Leo lina maana ya "karibuni", "baada ya muda mfupi". Lakini zaidi ya miaka 1000 iliyopita Waingereza walisema "sona", na kwao lilikuwa na maana ya papo hapo, bila kusubiri. Neno halikuharibiwa na mwalimu wa sarufi. Watu waliahidi papo hapo, wakachelewa, na wasikilizaji wakazoea kuongeza saa mbili tatu juu ya kila ahadi, mpaka ucheleweshaji ukawa ndiyo maana yenyewe.

Maneno "by and by" nayo yalipatwa na hayohayo. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Marko 6:25, binti wa Herodia anataka kichwa cha Yohana Mbatizaji "by and by", yaani papo hapo. Msomaji wa leo angedhani binti yule alikuwa mvumilivu!

Sisi tusiwacheke. "Nakuja sasa hivi" yetu huwa inatoka mdomoni mtu akiwa bado hajavaa viatu.

Marko ndiye mwandishi wa "mara", yaani papo hapo. Kwa Kigiriki neno hilo analo kama mara 40 katika Injili fupi kuliko zote. Simoni na Andrea wanaitwa, na mara wanaziacha nyavu. Nyavu za watu wa kazi, pengine zingali na maji.

Kisha soma Matendo 24. Paulo, akiwa mfungwa, anazungumza habari za haki, kiasi na hukumu itakayokuja, na Feliki, liwali wa Kirumi, anaingiwa na hofu. Hofu ya kweli, naamini. Anajibu: "Sasa enenda zako, nami nikipata nafasi nitakuita." Na alimwita kweli, tena mara nyingi, ila akitumaini kupewa fedha. Miaka miwili ikapita. Feliki akaondoka madarakani, akamwachia Festo kiti chake, na Paulo akiwa bado kifungoni. Hatusomi popote kwamba ile hofu ilimrudia.

Kuna ndugu mgonjwa niliyemwambia, "Nitakupigia sasa hivi." Hiyo ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita. Naishia hapa, simu iko mezani.