Bushi tatu za upande wa kushoto

Sauti ilianza kwenye kona ya tatu. Ko! Kimya kidogo, halafu ko-ko nilipokanyaga breki, na usukani ukanivuta kushoto kama mtoto anayemvuta mama yake sokoni. Mdogo wangu, ambaye hukaa pembeni na saa mkononi, hakusema mengi. "Yaya, imerudia." Kwetu yaya ni ndugu mkubwa.

Ilikuwa mara ya tatu ndani ya kiangazi kimoja. Bushi ileile ya mbele, kile kiungo cha mpira kwenye mkono wa chini unaoshika gurudumu, upande uleule wa kushoto.

Gari lenyewe ni Corolla AE101 ya 1993, usukani kulia. Lilishuka bandarini Dar es Salaam, likakatiza Zambia, likaingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa kama magari mengi ya hapa Lubumbashi. Tulichanga watu watatu kulinunua. Tuling'oa viti vya nyuma, zulia na redio, tukachomelea mabomba ya kulinda vichwa. Jumapili za kiangazi tunakwenda nje ya mji kwenye kiwanja cha udongo mwekundu ambacho mwenyewe anatukodisha, gari moja moja linapambana na saa. Hakuna kikombe wala zawadi. Aliyeshika mkia ndiye anayenunua kuku wa kuchoma.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni kutoa kopi na kuchapisha karatasi za wanafunzi, na duka liko mbele ya ua ambamo gari linalala. Nilijifunza kushika spana kwa sababu tulichoka kulipa watu. Pengine hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mbele ya Corolla hii kuna mpangilio ambao mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, aliubuni miaka ya 1940. Shokapu na springi vimeunganishwa vikawa kama mguu mmoja. Juu mguu huo umeshikwa na mwili wa gari, chini umeshikwa na mkono mmoja wa chuma uliolala. Ni mfumo rahisi na mwepesi, na ndiyo maana magari madogo karibu yote yanautumia. Ila urahisi huo una gharama yake. Ukikanyaga breki, gurudumu linataka kubaki nyuma, na kazi ya kulizuia inaangukia bushi mbili za ule mkono wa chini. Bushi ikichanika, mkono unarudi nyuma kidogo, gurudumu linabadili uelekeo, na gari linavuta upande. Huo ndio mvuto niliousikia mikononi.

Bushi ni kitu kidogo mno kwa lawama ilizobeba. Bomba fupi la chuma nje, bomba jembamba ndani, na katikati mpira. Ile ya zamani niliitoa mwezi wa sita nikakuta mpira umepasuka nusu duara. Nikasema ni uzee, miaka thelathini si mchezo. Nikanunua mpya. Kuiingiza kulinitoa jasho kwa sababu sina mashine ya kushindilia, nilitumia jiliwa na soketi kubwa, nikapaka maji ya sabuni. Oili nilikataa kuitumia, maana oili inakula mpira. Nilijisifu sana siku ile.

Ilidumu Jumapili mbili.

Ya pili nilinunua kwa muuzaji mwingine na kwa bei zaidi, ikadumu Jumapili tatu. Ya tatu niliagiza kwa jamaa anayesafiri, ikafika na boksi lake, na karatasi, na harufu ya upya. Nayo ikapasuka palepale, kama vile mtu amechora mstari. Nilikwishamtukana yule muuzaji wa kwanza mbele ya wateja wake, nikimwambia anatuuzia mpira wa kandambili. Leo nikipita barabara yake ninatazama upande wa pili.

Nilikuwa nimeliinua gari kwa mara ya nne hivi, mbele limekaa juu ya stendi mbili, magurudumu yametolewa, mikono ya chini inaning'inia. Mzee mmoja jirani yetu, aliyestaafu kazi ya ufundi reli, alikuja kutoa kopi za karatasi zake za pensheni. Umeme ulikuwa umekatika. Badala ya kurudi nyumbani akaja uani kunitazama, mikono mgongoni, kofia imefunika nyusi. Nilikuwa nakaza ile boliti ndefu ya bushi kwa nguvu zangu zote.

"Mutoto," akasema, "weye unafungaka motoka vile, mu hewa?"

"Ndiyo, Papa. Si ndiyo nafasi ninayopata kuingiza spana?"

"Hayina vile." Akanyoosha mkono. "Leta choki."

Nilidhani anatania. Nikamletea kipande cha choki ninachoandikia bei za kopi ubaoni. Akainama kwa taabu, akapangusa vumbi kwa kidole gumba, akachora mstari mmoja mnyoofu: ukaanzia kwenye bomba la ndani, ukapita juu ya mpira, ukaishia kwenye bomba la nje. Mstari mweupe kama uzi. Kisha akaniambia niweke jeki chini ya kichwa cha mkono, pale inapokaa rotili, kile kiungo cha duara kinachounganisha mkono na gurudumu, nipandishe taratibu mpaka gari lianze kuachia stendi.

Nikapandisha, macho kwenye choki. Mstari haukubaki mstari. Kipande cha ndani kilibaki kimetulia kwa sababu boliti ilikuwa imekibana, cha nje kikapanda pamoja na mkono, na katikati mpira ukajinyonga kama nguo inayokamuliwa. Choki iliyokuwa juu ya mpira ikaanza kupasuka na kudondoka ungaunga. Gari lilikuwa bado halijatembea hata mita moja.

"Ile kauchu haizungukake," mzee akasema, akimaanisha mpira. "Inajikunja tu."

Sijui kwa nini nilikuwa nikifikiri bushi ni kama beringi, kwamba bomba la ndani linazunguka. Halizunguki. Mpira umegandishwa na chuma pande zote mbili, na kila mwendo wa gurudumu unaupata kwa kujinyonga. Ukikaza boliti gurudumu likiwa linaning'inia, umeuambia mpira kwamba kuning'inia ndiko kupumzika kwake. Gari likishuka chini, mpira umekwisha kunyongwa kabla ya safari. Baadaye nilipima: mkono wa gari letu una sentimita 34 kutoka bushi hadi rotili, na ncha yake inapanda kama sentimita 9 kutoka kuning'inia hadi gari linapokaa chini. Ni kama digrii 15. Ongeza na mashimo ya kiwanja chetu, upate jibu la bushi tatu.

Na kwa nini kushoto peke yake, wakati kulia nilikaza kwa ujinga uleule? Hilo nililipata mwenyewe usiku, nikiwa kitandani. Kiwanja chetu tunakizunguka kwa mwelekeo wa saa. Kona karibu zote ni za kulia, kwa hiyo gari linalalia gurudumu la mbele la kushoto siku nzima. Ya kulia nilipoitoa kuitazama, ilikuwa imeanza mchubuko mdogo. Ilikuwa inangoja zamu yake.

Kazi tuliifanya Jumamosi iliyofuata. Mzee alinitumia vipande vinne vya taruma la mbao la reli, vizito hata mdogo wangu alivileta kwa mkokoteni. Tuliweka bushi mpya pande zote mbili, ya kushoto ikiwa ya nne, boliti zikaingia lakini tukaziacha zimelegea kiasi cha kuzungushwa kwa vidole. Tukarudisha magurudumu, tukashusha gari juu ya mataruma, gurudumu moja kwa kila kipande, ili tupate nafasi ya kuingia chini likiwa limesimama kwa uzito wake. Tukasukuma mbele kidogo na nyuma kidogo, maana matairi yakishuka kutoka kwenye jeki hubaki yamejibana. Mdogo wangu akakalia boneti akaruka-ruka mara tano. Tukaweka kabari nyuma. Hapo ndipo nikaingia na spana, nikakaza.

Ilikuwa boliti ileile, kwa mkono uleule. Tofauti ni mahali gari lilipokuwa limekaa.

Kwa kuwa kila kitu kilikuwa wazi, nilikagua na mengine. Rotili kwanza. Katika mpangilio huu rotili ya chini haibebi uzito wa gari, uzito unapita kwenye springi kwenda juu, kwa hiyo unaweza kuipima gurudumu likiwa linaning'inia: unaingiza mtalimbo kati ya mkono na kitovu cha gurudumu, unainua na kushusha huku mwenzako ameweka kidole kwenye kiungo. Ya kulia ilikuwa na mchezo, yaani imelegea, kidole cha mdogo wangu kikausikia kabla ya macho yangu. Nikaibadilisha, na pini ya kufungia nati nikaweka mpya. Ile ya zamani iliyokunjwa mara mbili usiirudishe, hata kama inaonekana nzima.

Shokapu ya kushoto ilikuwa imelowa. Vumbi letu la kiangazi ni laini kama unga, linaganda kwenye fimbo ya shokapu na kusugua sili mpaka mafuta yanatoka. Hapa niliogopa, na bado naogopa. Springi iliyobanwa haina urafiki na mtu. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alifungua nati ya juu bila kuibana springi, ikaruka ikatoboa bati la banda; yeye akabaki ameshika spana, anatetemeka, mzima kwa bahati. Mimi nilikodi vibanio viwili, nikaviweka pande zinazotazamana, nikakaza kimoja mizunguko michache, kisha kingine, zamu kwa zamu, mpaka springi ikawa inacheza yenyewe kwenye kiti chake. Ndipo nati ya juu ikaguswa. Kaliba ya breki, kile kibano kinachobana diski, niliifunga kwa waya kwenye mwili wa gari. Ukiiacha ining'inie kwa bomba lake la mpira, unajitengenezea ajali ya mwezi ujao.

Shokapu nilibadilisha mbili, kushoto na kulia. Wenzangu walinung'unika kuhusu pesa. Niliwaambia gari lenye mguu mmoja mpya na mmoja wa zamani litatusumbua zaidi ya njaa ya wiki moja.

Baada ya hapo magurudumu hayakuwa yakitazama mbele tena. Ukigusa mguu wa mbele, uelekeo lazima upimwe upya. Mjini wapo wenye mashine ya taa, ila nilitaka kujaribu kwa kamba, na kwa kweli kamba ilinifurahisha kuliko kazi yote. Unaweka stendi mbele na nyuma ya gari, unafunga uzi wa waashi kila upande, unahakikisha nyuzi mbili zinakwenda sambamba na kitovu cha kila gurudumu kiko mbali sawa kushoto na kulia. Usukani unaufunga usitikisike. Kisha unapima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa rimu wa mbele, na hadi ukingo wa nyuma. Upande wa kushoto tofauti ilikuwa milimita 5. Tukazungusha tairodi, ile fimbo inayogeuza gurudumu kutoka kwenye usukani, tukasukuma gari mbele na nyuma, tukapima tena, tukazungusha. Saa mbili nzima. Mwisho niliacha kila gurudumu limefunguka mbele milimita 1, kwa sababu kwenye udongo napenda gari linaloingia konani haraka. Anayekwenda nalo Likasi kwa lami asifanye hivyo, litamchosha na kumla matairi.

Mlalo wa gurudumu nilipima kwa timazi ya mwashi, nikining'iniza uzi karibu na rimu na kulinganisha pengo la juu na la chini. Kwa rimu ya inchi 14, milimita 6 za tofauti ni kama digrii 1. Pande zote zilikaribiana, nikaziacha. Nati za magurudumu nilizikaza kwa spana ya kupimia nguvu niliyoazima, nyutoni-mita 103 kama Toyota wanavyosema, badala ya kupanda juu ya spana kwa miguu miwili tulivyozoea.

Jumapili ya kwanza gari lilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia kokoto zikigonga chini. Nilipokanyaga breki kona ya tatu, usukani ulibaki katikati. Kuku nilimnunua mimi hata hivyo, maana bado sijui kuendesha vizuri.

Jioni ile, kabla ya kuoga, nililala chini ya gari na tochi ya simu. Nilikuwa nimechora choki kwenye bushi zote mbili baada ya kukaza. Mstari wa kushoto ulikuwa umefifia kwa vumbi jekundu lakini haujakatika, wa kulia vilevile. Nimezichora upya kila baada ya mashindano tangu siku hiyo, mara nne sasa. Mzee nilimtolea kopi zake bure, na mataruma amekataa kuyachukua. Anasema yakirudi kwake mke wake atayachoma.

Sasa kuna mlio mwingine, juu ya shokapu ya kulia, gari likiwa limesimama na usukani ukizungushwa: krr, kama anayesaga meno usingizini. Nimeweka kiganja juu ya springi huku mdogo wangu anazungusha, na nimeisikia ikikwama halafu ikiruka. Ni beringi ya kiti cha juu. Nimekwisha kuagiza, na vile vibanio vya springi nimevikodi tena kwa Jumamosi.