Siku moja na madaftari matatu ya wageni

Saa 11 alfajiri

Makala yangu imerudi. Nilituma kwenye jarida moja la nje miezi tisa iliyopita, ikihusu akina mama wanaofanya biashara kwenye Mto Ruvuma, na barua pepe imeingia usiku nikiwa nimelala. Mhakiki wa kwanza ameridhika, ameomba nirekebishe takwimu mbili tatu. Wa pili ameandika kurasa tatu. Anataka kujua kwa nini sikuanza na jambo ambalo, kwa maneno yake, kila mtu analijua: kwamba mpaka wa Tanzania na Msumbiji ni eneo lisilotawaliwa.

Nimesoma nimesimama jikoni mpaka chai ikachemka na kumwagikia jiko.

Nyie mnaodhani mhadhiri analipwa kwa kufundisha, niwaambie. Kufundisha unafundisha, lakini kupanda kutoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi kunahesabiwa kwa makala zilizochapishwa. Hii ingekuwa ya mwisho niliyobakiza.

Saa 1 asubuhi

Mtoto shule, mimi bajaji. Kwa mama wa pale njia panda nimenunua ming'oko ya kuchemsha, nimeila njiani na chumvi na pilipili. Wenzangu wa Dar wakija Mtwara huwa wananiuliza hivi vimizizi ni nini. Nawaambia wale kwanza, maswali baadaye.

Saa 2 asubuhi

Mwaka wa tatu, somo la usalama wa kikanda. Leo tuko kwenye ujumbe wa kijeshi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, nchini Msumbiji, ule uliojulikana kama SAMIM. Nimeandika ubaoni mfululizo wa tarehe, kwa sababu darasa hili lina tabia ya kujadili kabla ya kujua. Mashambulizi ya kwanza ya wapiganaji wenye itikadi kali, Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, Oktoba 2017. Mji wa Palma kuvamiwa, Machi 2021. Wakuu wa nchi za SADC kuidhinisha jeshi, Juni 2021. Wanajeshi wa Rwanda kuanza kuwasili, Julai 2021. SAMIM kuanza, Julai hiyohiyo, siku chache baada yao. SAMIM kufunga virago, Julai 2024.

Mkono umenyooka nyuma kabisa. Kijana wa Nanyamba, huwa hasemi.

"Dokta, Rwanda si mwanachama wa SADC. Hata hawapakani na Msumbiji. Imekuwaje wakatangulia kufika kuliko sisi tunaoiona Msumbiji kwa macho?"

Nimefunga kitabu. Swali hili ndilo mhadhara wenyewe.

Nimewaambia wafikirie msiba. Jirani mwenye gari na hela mfukoni anaitwa na mfiwa moja kwa moja, anakuja usiku uleule. Ukoo unakaa kikao. Lazima wajomba wafike, lazima michango ijulikane, lazima aliyenuniana na mfiwa aombwe kwanza. Rwanda ilikubaliana na Maputo, serikali mbili, basi. SADC inaamua kwa maafikiano, na nchi nane zilizotoa askari kila moja ina bunge lake, bajeti yake na hofu zake. Tena mfiwa mwenyewe alikuwa mzito kuita ukoo, maana ukoo ukija unakaa sebuleni na unauliza kilichomuua marehemu.

Wakacheka. Binti wa mbele akauliza, "Na hela ya jirani ilitoka wapi?" Hapo nikafurahi kweli. Tukazungumza jinsi Umoja wa Ulaya ulivyoidhinisha euro milioni 20 kwa ajili ya jeshi la Rwanda Msumbiji mwishoni mwa 2022, na mradi wa gesi wa Afungi, karibu na Palma, na kampuni ya TotalEnergies iliyosimamisha mradi wake wa mabilioni ya dola mwaka 2021 baada ya Palma. Sikuwapa jibu la mwisho. Nimewapa kazi: kurasa nne, wiki ijayo, na atakayeandika "tangu enzi na enzi" nakata alama mbili.

Saa 5

Ofisi. Mitihani ya majaribio, kikao ambacho kingetosha kuwa ujumbe wa simu, feni linalozunguka bila kutoa upepo. Tuendelee.

Saa 7 mchana

Nimepanda Noah ya kwenda Kilambo, upande wa Ruvuma. Tumebanana tisa, katoni za sabuni miguuni, ndoo ya mafuta ya kula mapajani mwa dada mmoja. Mikorosho pande zote, mabibo mekundu na ya njano chini ya miti, harufu yake tamu-kali inaingia dirishani. Ni msimu, kila mtu kwenye gari anazungumzia bei ya mnada.

Sasa sikiliza utaratibu wa kuingia kwenye "eneo lisilotawaliwa".

Kwanza ofisi ya mtendaji wa kata. Barua ya chuo, kibali cha utafiti, barua kutoka wilayani. Anasoma zote, anapiga simu kuhakikisha, ananisukumia daftari la wageni: jina, ninakotoka, ninayekwenda kumwona, madhumuni, namba ya simu, muda wa kuingia, muda wa kutoka, saini. Pili mwenyekiti wa kijiji, daftari lake. Tatu, kwa walinzi wa njia ya mtoni, kijana wa mgambo ana daftari la mistari lenye jalada limechanika, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isiibiwe. Nimeandika jina langu mara tatu ndani ya saa moja. Nikienda wizarani Dodoma huwa naandika mara moja.

Sisemi hatari haipo. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, huku huku mpakani, kilishambuliwa, watu wakauawa, nyumba zikachomwa, na huku hakuna asiyejua mtu aliyekimbia usiku ule. Mtendaji mwenyewe ameniambia haya madaftari yalishika kasi baada ya hapo. Lakini hatari ni kitu kimoja na kukosa utawala ni kingine. Kijiji kinaweza kuwa na utawala mpaka wa kukera na bado kikavamiwa.

Saa 9 alasiri

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekonda. Huko chuoni hawawapi kula?"

Bibi huyu nimemfahamu kwa miaka minne. Jina lake haliwezi kuingia kwenye maandishi yangu yoyote, na hilo nimemwahidi mbele ya mwanawe. Ameniwekea mkeka chini ya mwembe. Ng'ambo ya mto, kuelekea baharini, ndiko walikotoka watu wa babu yake, Kionga. Wanaosoma historia wanakijua kipande kile: Wajerumani walikichukua mwaka 1894, Wareno wakakinyakua 1916 katikati ya Vita ya Kwanza, na mwaka 1919 kule Versailles kikathibitishwa kuwa cha Ureno. Watu wale walilala kwa Mjerumani wakaamka kwa Mreno bila kukunja mkeka. Halafu mwaka 1964 viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakakutana Cairo na kukubaliana kwamba mipaka ibaki kama tulivyoikuta siku ya uhuru. Wanafunzi wangu wanalikariri azimio hilo kama aya. Bibi hajawahi kulisikia, ila analiishi: dada yake ni raia wa Msumbiji, yeye wa Tanzania, mama yao mmoja.

Nimemuuliza biashara ikoje. Amesema vitenge vinakwenda, sabuni inakwenda, ila sasa havuki mwenyewe. Anatuma mzigo, na upande wa pili anaupokea mtu wanayejuana kwa sauti. Kwa sauti vipi? "Anapiga simu, namuuliza jina la mbwa wetu aliyekufa. Asipolijua, mzigo haushuki."

Nimeandika sentensi hiyo neno kwa neno. Kuna watu wanalipwa fedha nyingi kubuni mifumo ya utambuzi mipakani.

Kisha ameniuliza yeye. Wale wa SADC wameondoka, je, wale wa Rwanda wataondoka lini? Nimemwambia sijui, bibi. Akasema enzi za vita ya Mreno walichimba mahandaki nyuma ya nyumba, wapiganaji wa Frelimo, waliokuwa wakipigania uhuru wa Msumbiji, wakipita usiku wanaomba maji, na wakati huo nao hakuna aliyejua lini. Ilikwisha 1974. Amenifungia korosho kwenye kanga, nami nimewahi gari kabla jua halijazama.

Saa 2 usiku

Mjadala wa mtandaoni, wazungumzaji watano, mimi wa nne, dakika nane. Wa pili, bwana mwenye rafu nzuri ya vitabu nyuma yake, amesema "maeneo yasiyotawaliwa" mara sita. Nilikuwa nahesabu kwa korosho, nikiitoa moja moja. Zamu yangu ilipofika nikaeleza madaftari matatu na mbwa aliyekufa. Kimya kidogo. Mwongozaji akanishukuru kwa "mtazamo wa mashinani", kisha umeme ukakatika mtaani kwetu. Hapa tulipo kuna Mnazi Bay na visima vyake vya gesi, bomba limetandikwa kutoka hapa hadi Dar es Salaam, na mimi namalizia hoja yangu kwa mshumaa, peke yangu.

Saa 3 na nusu usiku

Kompyuta ina chaji ya kutosha. Nimeanza kumjibu mhakiki wa pili. Rasimu ya kwanza ilikuwa ya hasira, nimeifuta. Ya pili nimeanza kwa adabu: namshukuru kwa maoni yake ya kina, nakubali kwamba nilipaswa kulieleza shambulio la Kitaya mapema zaidi, na hapo ana haki. Kuhusu utawala, nimeandika, naomba kuongeza aya moja inayoeleza hatua ambazo mtafiti hupitia kabla ya kufika mtoni.

Niko katikati ya aya hiyo simu inaita. Namba siijui.

"Dokta? Samahani kwa usiku. Mtendaji hapa, Kilambo. Napitia daftari langu, naona hukuandika muda wa kutoka."

"Nilisahau, mtendaji. Andika saa kumi na moja."

"Siwezi kukuandikia mimi. Saini ni yako. Ukija tena, anzia hapo."