Nanga ya Bagamoyo

Wakati huo nilikuwa na kamera ya kuazima na imani kwamba picha nzuri ya mandhari ni kuwahi kuamka tu. Bagamoyo jua linachomozea baharini, kwa hiyo saa 11 na nusu alfajiri nilikuwa nimeshafika ufukweni, upande wa soko la samaki. Maji yalikuwa yamekupwa, ngalawa zimekaa mchangani.

Nilipiga picha kama 60. Zote mbingu juu, bahari chini, basi. Rangi zilipendeza, sikatai.

Babu mmoja alikuwa pembeni akitengeneza wavu. Nikamwamkia, akaitikia, akaomba kuona.

"Hii bahari ya wapi?"

"Si hii hapa, babu?"

"Mbona hata Lindi iko hivi."

Iliniuma. Hatua chache mbele yake kulikuwa na nanga ya makucha manne, mawili yamezama mchangani, kamba yake ikijipinda mpaka kwenye ngalawa. Nikapiga magoti, na hapo ndipo nilipoielewa ile lenzi pana. Kwa milimita 18, yaani lenzi ikichukua eneo pana, ukisimama wima kila kitu kinaonekana kidogo na mbali. Ukishuka na kusogea, cha karibu kinakuwa kikubwa, cha nyuma kinasinyaa, jicho linapata pa kuanzia safari. Nikabana tundu la lenzi hadi f/11 ili vya karibu na vya mbali vyote vionekane wazi, na fokasi nikaiweka kwenye kamba, kama mita moja na nusu mbele yangu, si kule mwisho wa bahari. Nanga ikatoka kali, ngalawa nazo kali. Stendi sikuwa nayo. Mwanga hafifu ule, kamera niliilaza juu ya ndala zangu isitikisike.

Shida, kamba ilielekea kushoto na jua lilikuwa linatokea kulia. Nikaing'oa nanga niisogeze.

"Wee! Rudisha hapo hapo! Maji yakijaa, hiyo ngalawa utaifuata wewe?"

Nikairudisha kwa aibu, nikaikanyaga mpaka makucha yakazama. Kisha nikazunguka mimi, jambo ambalo lilipaswa kunijia tangu mwanzo. Nikawahi picha mbili tu kabla jua halijawa kali.

Babu akaipokea kamera, safari hii kwa mikono miwili.

"Aa, hii ngalawa ya mwanangu," akasema, kidole kikiwa kwenye kioo. "Fundo hili nimelifunga mimi."