Kufundisha Katika Kijiji cha Waazeri, Kusini mwa Tbilisi

Kijiji ninachofundisha kwa kujitolea kipo katika wilaya ya Marneuli nchini Georgia, kusini mwa mji mkuu Tbilisi, ambako mtu anaweza kununua mkate, kumwita fundi na hata kumzika mzazi wake bila kutamka neno moja la Kigeorgia. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu Waazeri, yaani watu wa asili moja na wale wa nchi jirani ya Azerbaijan, takriban 233,000 katika nchi hii, sawa na asilimia 6.3 ya wakazi wote, na katika wilaya hii wao ndio wengi.

Shuleni masomo hufundishwa kwa Kiazeri, na Kigeorgia ni somo miongoni mwa mengine. Wazazi waliosoma enzi za Kisovieti wanakijua Kirusi zaidi, kwa hiyo mtoto wa darasa la tano anakuta mbele yake herufi za Kilatini za Kiazeri, herufi 33 za Kigeorgia, mara nyingi na za Kirusi, kisha naingia mimi na Kiingereza changu. Nalipenda somo langu, lakini naamini kwa dhati kwamba kipindi kinachomfaa zaidi mtoto huyu ni cha Kigeorgia. Mimi mwenyewe nilisoma shule ya msingi Tanga kwa Kiswahili, na nilipoingia sekondari karibu masomo yote yakageuka kuwa ya Kiingereza. Naujua ukimya wa mwanafunzi mwenye jibu kichwani asiyekuwa na lugha ya kulitolea. Ndiyo maana mwalimu wa Kigeorgia nami tumekubaliana kufundisha mada moja katika wiki moja, iwe ni soko, zahanati au barua ya maombi ya kazi, ili somo moja lilibebe jingine.

Jioni ni za chai ya rangi katika bilauri zilizobanwa kiunoni, pamoja na jamu na vipande vya sukari, na mgeni haruhusiwi kuharakisha.

Kabla ya Novruz, sikukuu ya mwaka mpya wa jadi mwezi Machi, huadhimishwa Jumanne nne, za maji, moto, upepo na ardhi. Ngano huoteshwa kwenye sahani, na vijana huruka juu ya moto uliokokwa uani. Niliwaeleza wanafunzi kwamba Makunduchi, huko Unguja, watu husherehekea Mwaka Kogwa mwezi Julai na kuchoma kibanda cha makuti, na kwamba asili ya sherehe hiyo inahusishwa na Nairuzi ya Waajemi. Waliniuliza maswali mpaka kengele ikalia, na kwa mara ya kwanza waliokuwa wakinyamaza siku zote waliniuliza kwa Kiingereza.

Tangu mwaka 2010 mhitimu wa shule kama hii anaweza kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu kwa lugha yake, akasoma Kigeorgia mwaka mmoja, kisha shahada kwa miaka minne. Naiona ni sera njema, ila kijijini shaka ya wazazi haihusu mtihani. Mama mmoja aliniuliza binti yake atalala wapi Tbilisi, na nani atakayemtazama. Kwa sababu hiyo tumeanza kuwaalika wasichana wa hapa hapa waliokwisha kupita njia hiyo, waje kuzungumza na akina mama kwa Kiazeri, nasi walimu tukae nyuma tukiwasikiliza.