Nchi ya Sarafina si ile ya kibanda cha video

Jana ndani ya Hiace dada mmoja kanipasha mbele za watu: miaka yote hii niko Durban, Afrika Kusini, na bado namjibu Kiingereza badala ya Kizulu, basi nirudi kwetu. Nikameza. Wa aina yake ndio hao hao wanaokuja niwasuke saa tano mfululizo kwa randi 350, piga hesabu mwenyewe, na bado wanaomba punguzo.

Kinachoniuma ni kwamba hii nchi tuliipenda kabla hatujaikanyaga. Tumebanana kwenye benchi la kibanda cha video, Sarafina, yule mwanafunzi wa Soweto kwenye filamu ya jina lake, na sare yake ya shule anawakabili polisi wa makaburu, na sisi tunaimba Kizulu tusichokielewa huku machozi yanatutoka.

Halafu tulidhani Leleti Khumalo, aliyeigiza Sarafina, ni mtoto wa Soweto kweli, kule Johannesburg. Wapi! Amezaliwa 1970 KwaMashu, hapa hapa Durban. Mbongeni Ngema, mtunzi wa Sarafina ilipokuwa bado mchezo wa jukwaani, alimchukua akiwa binti mdogo, 1987 akasimama jukwaani Market Theatre, Johannesburg, na mwaka uliofuata yuko Broadway, New York, anateuliwa kuwania Tony, tuzo kubwa ya michezo ya jukwaani Marekani, akiwa na miaka 18. Filamu yetu ile, yenye Whoopi Goldberg na Miriam Makeba, ilikuja 1992, mwenzetu kashazunguka.

Haya kanisimulia mama mwenye nyumba wangu. Umeme ananidai hadi senti ya mwisho, ila chai yake hajawahi kunihesabia. Enzi Leleti akiwa MaNzuza kwenye tamthilia ya Uzalo, kila jioni alinigongea ukuta niende sebuleni. MaNzuza akisema neno, mama ananigeukia: rudia. Nikikosea ananipiga kikofi cha paja, tunacheka, tunakosa kipande kizima. Kizulu changu kidogo kimetoka hapo.

Filamu anayoithamini yeye ni Yesterday ya 2004, Kizulu mwanzo mwisho. Leleti anaigiza mama wa kijijini mwenye virusi vya UKIMWI, kagoma kufa mpaka mwanawe aanze shule. Ilifika hadi kuwania Oscar. Mama haongei ikiwa inaendelea. Amemzika mdogo wake kwa ugonjwa huo. Tena Leleti ana mbalanga, mwenyewe kasema hadharani, miaka mingi vipodozi vilikuwa vinaifunika. Mama naye anayo, viganja vyote viwili, na akimtaja husema “mwanangu”.

Sasa nyie mnaoniandikia “dada nivute huko”: anza na Kizulu, Kiingereza chako cha mtihani kiache kwa maofisa. Njoo na ufundi wa mkononi. Muhuri wa matembezi kwenye pasipoti ukiisha, umeisha, usijifiche. Akiba ya chumba si lazima iwe kubwa kama mnavyodhani, kodi hapa wanataka ya mwezi mmoja na dhamana. Miezi sita kwa mkupuo ni wazimu wetu wenyewe.