Sekunde 11 za Gita

Mwaka 2016, katika chumba changu cha kupanga Magomeni, nilikata sekunde 11 za gita la solo kutoka kwenye wimbo wa zamani wa dansi, nikazizungusha juu ya mdundo mpya na kugeuza maneno yake: mpenzi aliyebembelezwa arudi nyumbani akawa mwenye nyumba anayebembelezwa apokee kodi ya miezi mitatu badala ya mwaka mzima. Kugeuza wimbo uliozoeleka si jambo geni kwetu. Vikundi vya taarab na bendi za dansi vimejibizana hivyo miaka mingi, na msikilizaji hufurahi kwa kuwa wimbo wa kwanza bado umo kichwani mwake.

Niliupakia mtandaoni usiku, na kabla ya alfajiri ulikuwa umezuiwa. Ujumbe ulisema kwamba sauti ile ni mali ya kampuni ya ng'ambo ambayo sikuwahi kuisikia. Mashine haikupima kama nilikuwa nimekejeli au nimeiba; ililinganisha sauti na sauti, ikakuta zinafanana. Kwa hasira nilianza kumtafuta aliyelipiga gita lile, nikiamini kwamba ndiye mwenye mali na kwamba ruhusa yake ingetosha.

Nilimkuta Temeke, mzee aliyevuka miaka 70, ameketi barazani. Baada ya kumwamkia nilimpa simu asikilize.

"Vidole ni vyangu, mwanangu," alisema, "lakini santuri haikuwa yangu hata siku moja."

Bendi yao ilikuwa ya shirika la umma, vyombo vilikuwa vya shirika, naye alilipwa mshahara kama mfanyakazi mwingine yeyote. Walirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa kuwa wakati ule nchini hapakuwa na kiwanda cha santuri, zao zilichapwa Nairobi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayomtambua mtunzi, mpigaji na mtayarishaji wa rekodi, kila mmoja kwa haki yake, ilipitishwa yeye akiwa ameshaacha muziki. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwamba sauti ya vidole vyake ilitambulika papo hapo, na jina lake halikuwa limeandikwa popote.

Nilimuuliza kama nami nilikuwa nimemkosea. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hata wao waliyasikia magita ya Wakongo kwenye santuri, wakayapiga na kuyapiga mpaka yakapata lafudhi ya Dar es Salaam. "Sisi tulipiga. Wewe umekata."

Sikuwa na la kujibu, kwa sababu ndivyo ilivyo hata kisheria: anayeupiga wimbo upya huhitaji ridhaa ya mtunzi, ilhali anayekata rekodi huhitaji pia ridhaa ya mwenye rekodi. Mtunzi alikuwa ameshafariki, na haki zake hudumu miaka 50 baada ya kifo. Mzee akanipeleka Keko kwa binti wa marehemu, ambaye alinitaka nimsomee maneno yangu polepole, mstari kwa mstari, ndipo akatia saini.

Wiki iliyofuata tuliazima gita, mzee akaja studio. Vidole vilikuwa vimekaza, na zile sekunde 11 zikawa 14. Nilifuta mdundo wangu wote, nikautengeneza upya kwa mwendo wake.