Rekodi kisichotokea: ninavyotumia simu kutafuta dalili za usonji kwa watoto wadogo

Hapa Lamu, mzazi mwenye wasiwasi hunionyesha video ya mtoto akipunga mikono au akizungusha tairi la kigari. Hiyo hainiambii mengi, kwani hata watoto wasio na usonji (autism, hali ya ukuaji inayogusa mawasiliano na mahusiano) hufanya hivyo. Chini ya miaka miwili, nzito zaidi ni kile kisichotokea: hageuki akiitwa, haonyeshi kwa kidole, haleti kitu mkitazame pamoja. Mwaka 1994 Julie Osterling na Geraldine Dawson, watafiti wa Marekani, waliona mambo hayohayo katika video za watoto, zilizopigwa walipotimiza mwaka mmoja, ambao baadaye walitambuliwa kuwa na usonji. Ila kisichotokea hakinaswi kwa bahati. Lazima mtoto apewe nafasi ya kukifanya.

Narekodi vipande vya dakika mbili tatu, kwa siku tofauti: akila, akicheza na mama, akiwa na wenzake, akiitwa, akitaka kitu asichoweza kukifungua. Televisheni imezimwa, mtoto ameshiba na hana usingizi. Simu siishiki, maana ataifuata. Naiweka juu ya mbuzi ya kukunia nazi, imelala kwa upana, usawa wa macho ya mtoto aliyeketi mkekani. Nyumba za mawe hupata mwanga kutoka ua wa ndani, basi ua uwe nyuma ya simu. Ukigeuza, uso unakuwa kivuli. Uso wa mama nao uonekane, la sivyo hutajua mtoto anatazama nini.

Jina liitwe na mtu aliye nyuma yake kama mita moja, mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha anyamaze na kuhesabu hadi tano. Baada ya muda, tena. Hapa ndipo bibi huharibu: anaita mfululizo huku akipiga makofi na kumgusa bega. Mtoto akigeuka, amegeukia makofi. Punda akilia kichochoroni, rudia.

Kwa kidole, mama aonyeshe paka ukutani: "Tazama paka!" Wa miezi 18 kwa kawaida hufuata kidole hadi kwa paka. Halafu mpe kopo la biskuti lililofungwa. Mmoja atamnyooshea mama kopo, amtazame usoni, agune. Mwingine atamshika mama kifundo cha mkono, aupeleke mkono huo wa mama juu ya kifuniko, na macho yasitoke kwenye kopo. Huyu wa pili ndiye ninayemrekodi tena siku nyingine.

Kutazama video nako kuna utaratibu: kwanza bila sauti, kisha na sauti, nikiandika dakika ya kila tukio.

Mtoto akichelewa kusema, jamaa huniambia: "Atasema tu, babake naye alichelewa." Huenda, ikiwa anaonyesha kwa kidole na analeta vitu. Aliyekuwa na maneno yakapotea, simngojei hata wiki.

Video haithibitishi usonji. Inaandamana na maswali 20 ya M-CHAT-R, dodoso la dalili za usonji analojibu mzazi, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30: alama 3 hadi 7 zinadai maswali ya ufuatiliaji, 8 na zaidi ni rufaa moja kwa moja. Masikio yapimwe pia, kwani asiyesikia naye hageuki. Hospitalini mtoto hulia, hamjui daktari. Video humwonyesha alivyo nyumbani. Awe amevaa nguo, na itumwe kwa mhudumu mmoja tu, si kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.